Maikrowevu Si Jiko Tu: Somo la Sayansi kwa Kundi la Wakubwa

 

Ukitaja neno "maikrowevu" nyumbani kwenu, kila mtu anageuka kutazama kile kisanduku cha jikoni kinachopasha moto pilau ya jana. Lakini kisanduku kile kimepewa tu jina la mawimbi yanayofanya kazi ndani yake. Ndugu wa mawimbi hayo ndio wanaobeba Wi-Fi hadi chumbani kwako, wanaoleta mechi ya Simba na Yanga kwenye ungo wa babu kule Tanga, wanaomwonyesha nahodha meli nyingine usiku wa ukungu, na wanaoiambia simu ya baba yako kwamba kona ameshaipita. Leo tunajifunza mawimbi haya yamegawanywaje, kila fungu linafanya kazi gani, na kwa nini fungu moja haliwezi kufanya kazi ya jingine.

Nimelichagua somo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni lugha. Baadhi yenu mnaamini Kiswahili ni cha kuagizia chai na kusalimia bibi kwenye simu, na kwamba mambo ya "akili" lazima yasemwe Kiingereza. Mtaona leo kwamba maneno tunayo. Ya pili ni kazi yangu. Mimi ni nesi, na kila mkutano wa wazazi ukiisha hakosi mtu wa kuniuliza pembeni kama mnara wa simu ulio karibu na nyumba yake utawapa watoto saratani. Swali hilo linastahili jibu la mtu aliyeelewa mawimbi yenyewe. Tutalifikia, ila tuanze na msingi.

Wimbi, urefu wake na masafa

Waliowahi kusimama ufukweni wanajua: wimbi linakuja, linapita, linakuja jingine. Pima kutoka kilele cha wimbi moja hadi kilele cha linalofuata, huo ndio urefu wa wimbi. Sasa simama ndani ya maji na saa mkononi, uhesabu ni mawimbi mangapi yanakupita kila sekunde. Hesabu hiyo ndiyo masafa. Kipimo chake ni hezi: wimbi moja kwa sekunde ni hezi moja. Milioni moja ni megahezi, na bilioni moja ni gigahezi.

Hapa niwatahadharishe kuhusu lugha. Neno "masafa" asili yake ni umbali. Ndiyo maana mkimbiaji wa marathoni anaitwa mwanariadha wa masafa marefu. Na watangazaji wa redio wa zamani waliposema "masafa mafupi" walikuwa wanazungumzia urefu wa wimbi, si idadi ya mawimbi. Wazazi waliokulia na redio ya mkulima wataukumbuka msemo huo. Kwenye somo letu masafa ni idadi kwa sekunde, basi.

Mawimbi ya redio, maikrowevu, mwanga wa taa na eksirei yote ni jamii moja, na yote hukimbia kwa kasi ileile: takribani kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa kuwa kasi haibadiliki, wimbi likiwa fupi, mengi zaidi yatapita kila sekunde. Masafa yakipanda, urefu unashuka. Kwa mawimbi yetu ya leo kuna hesabu nyepesi ambayo nataka muikariri: chukua 30, gawa kwa gigahezi, utapata urefu wa wimbi kwa sentimita. Gigahezi 1 ni sentimita 30, urefu wa rula yako ya shule. Gigahezi 10 ni sentimita 3. Gigahezi 30 ni sentimita moja.

Maikrowevu ni mawimbi ya kuanzia kama gigahezi 1 hadi 300. (Wengine huanzia megahezi 300. Msishangae mkikuta hivyo vitabuni.) "Mikro" maana yake ni dogo sana, lakini msidhani haya ni mawimbi madogo kupita yote. Yaliitwa hivyo kwa kulinganishwa na ya redio, ambayo urefu wake unaweza kufika mamia ya mita.

Kwa nini udogo una faida

Fikiria kibatari na tochi. Kibatari hueneza mwanga pande zote. Tochi ina kioo nyuma ya balbu kinachoukusanya mwanga ukaenda mbele kama mkuki. Antena nayo inaweza kufanya kama tochi, kwa sharti moja: iwe kubwa mara nyingi kuliko urefu wa wimbi. Wimbi la mita 10 litataka antena kubwa kama jengo. Wimbi la sentimita 3 linatosheka na kitu cha kushika mikononi.

Mwanzoni mwa vita vya pili vya dunia Uingereza ilikuwa na rada zilizopangwa pwani kutazama ndege za Wajerumani. Mawimbi yake yalikuwa na urefu wa zaidi ya mita 10, na minara yake ya chuma ilifika mita 110. Zilifanya kazi kubwa sana, lakini mnara wa mita 110 huwezi kuupakia kwenye ndege. Ilitakiwa njia ya kutengeneza mawimbi ya sentimita chache tu yenye nguvu ya kutosha, na hakuna aliyekuwa nayo.

Njia ilipatikana hapahapa Birmingham. Tarehe 21 Februari 1940, kwenye chuo kikuu cha mji huu, John Randall na Harry Boot waliwasha kwa mara ya kwanza chombo kinachoitwa magnetroni. Kilikuwa bonge la shaba lenye tundu kubwa katikati na matundu sita kulizunguka. Elektroni zinatoka katikati, sumaku inazilazimisha zizunguke, na zinapopita kwenye midomo ya yale matundu zinayafanya yatoe mlio, kama unavyopuliza mdomo wa chupa ya soda ikalia. Tofauti ni kwamba mlio huu ni wa maikrowevu. Chombo kile cha kwanza kilitoa wati 400 hivi kwenye urefu wa sentimita 9.8. Mwaka huohuo Waingereza walikipeleka kimoja Marekani kwa siri ndani ya sanduku, kwa meli, wapate msaada wa viwanda vya kule. Kufikia 1943 ndege zilizobeba rada ya sentimita 10 zilikuwa zinaona nyambizi za Wajerumani zikiibuka usiku baharini, wakati nyambizi zenyewe hazikuwa na kifaa cha kuyasikia mawimbi mafupi kiasi kile.

Wanafunzi wa Birmingham, mkipita pale chuoni na basi, mnapita mahali jiko lenu la maikrowevu lilipozaliwa. Baada ya vita, Percy Spencer, fundi wa kampuni ya Raytheon huko Marekani aliyekuwa akishughulika na magnetroni za rada, aliona peremende aliyokuwa nayo mfukoni imeyeyuka. Jiko la kwanza la kuuzwa lilitoka 1947. Lilikuwa refu kuliko wengi wenu na lilikuwa na uzito wa kilo 340 hivi. Ndani ya jiko la leo mmo magnetroni bado.

Bendi na herufi zake

Sasa tufike kwenye bendi. Bendi hapa si Msondo Ngoma. Ni fungu la masafa lililopewa jina moja, kama vile mtaa ni fungu la nyumba. Kuanzia chini kwenda juu: L ni gigahezi 1 hadi 2, S ni 2 hadi 4, C ni 4 hadi 8, X ni 8 hadi 12, Ku ni 12 hadi 18, K ni 18 hadi 27, na Ka ni 27 hadi 40. Juu zaidi zipo V na W.

Mtaniuliza mbona herufi hazifuati alfabeti. Ni kwa sababu zilikuwa siri ya vita. Zilichaguliwa ili adui akizisikia asiambulie kitu, na zikabaki hivyo. Shirika la wahandisi la IEEE liliziweka rasmi mwaka 1976. Inaelezwa kuwa L ilisimama badala ya neno la Kiingereza la "ndefu" na S badala ya "fupi", kisha C ikaitwa hivyo kwa kuwa ni maafikiano kati ya S na X. K imetoka kwenye neno la Kijerumani la "fupi". Na tafadhali, Ku na Ka si viambishi vya vitenzi! Ku ni K ya chini, Ka ni K ya juu. Nimeshaona kwenye daftari la mtu "ku-bendi" limeandikwa kama kitenzi.

Sitazieleza zote kwa kipimo sawa, kwa sababu hazina utamu sawa.

L ndiyo bendi ya ramani ya simu yako. Setilaiti za GPS hutuma ishara kwa megahezi 1575.42. Mawimbi ya L yanapita mawingu na mvua bila shida, na ndicho kinachotakiwa, maana nani anataka kupotea kwa sababu kunanyesha?

S ndiyo bendi iliyojaa watu. Jiko lenu limo humo, kwenye gigahezi 2.45. Wi-Fi ya kawaida na Bluetooth ziko kwenye 2.4, jirani mlango kwa mlango. Ndiyo maana kwenye nyumba nyingine mama akiwasha jiko, video yako inaganda. Usimlaumu mama, kachezee chumba kingine, au tumia Wi-Fi ya gigahezi 5, ambayo imehamia bendi C. Ndani ya S pia wamo rada wanaoongoza ndege karibu na viwanja, na hapo tunafika kwenye hadithi ambayo kila Mtanzania mtu mzima anaijua.

Rada, mwangwi na chenji

Rada ni mwangwi. Ukiingia kwenye mapango ya Amboni, Tanga, ukapiga kelele "Ooo!", sauti inagonga ukuta na kurudi. Ukijua kasi ya sauti na ukapima muda uliopita, utajua ukuta uko mbali kiasi gani. Rada inafanya hivyo kwa maikrowevu. Inatuma mpigo mfupi sana, inanyamaza, inasikiliza. Mpigo ukigonga ndege, sehemu ndogo yake hurudi. Ndege iliyo kilomita 60 kutoka uwanjani inasababisha safari ya kilomita 120, kwenda na kurudi. Gawa kwa kilomita 300,000 kwa sekunde, upate sekunde 0.0004. Antena inazunguka, kwa hiyo rada inajua pia mwangwi umetoka upande gani. Umbali na upande ukivijua, umeshaijua nukta kwenye ramani.

Mwangwi huo una udhaifu mmoja: hausemi ndege ni ya nani. Kwa hiyo karibu na rada ya mwangwi huwekwa nyingine ya kuuliza. Inatuma swali kwa megahezi 1030, na kifaa ndani ya ndege kinajibu kwa megahezi 1090: mimi ni fulani, niko urefu huu. Zote mbili zimo bendi L. Ni kama tofauti ya kumwona mtu kwa mbali gizani na kumpigia hodi akaitika.

Tanzania ilinunua kutoka kampuni ya Uingereza, BAE Systems, rada ya kuongozea ndege inayoitwa Watchman, ya bendi S, kwa takribani pauni milioni 28. Kelele zilipigwa huko na huku kwamba bei ilikuwa kubwa kupita kiasi kwa nchi maskini. Mambo yakafika mahakamani, na Desemba 2010 mahakama ya Southwark, London, iliitoza kampuni hiyo faini ya pauni 500,000 kwa kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu. Ikakubaliwa pia kwamba kampuni itoe pauni milioni 29.5 kwa faida ya Watanzania. Fedha hizo zilinunua vitabu na madawati ya shule za msingi, na watu wakaziita "chenji ya rada". Wanafunzi, siku mjomba akisema kitu fulani ni "chenji ya rada", msimwangalie tu. Na wale wa Nairobi nao wana rada yao: "rada ni gani?" maana yake mambo yakoje, mpango ni upi. Si vibaya kuijua, ila msiiandike kwenye insha.

Mimi naona hadithi hii ina sababu nyingine ya kufundishwa. Mtu asiyejua rada ni nini hawezi kuuliza kwa nini inauzwa bei ile.

Mvua ikinyesha

Matone ya mvua yana kipenyo cha milimita chache. Wimbi la bendi C, lenye kama sentimita 7, linayapita bila kuyajali, kama lori linavyopita juu ya kokoto. Wimbi la Ku lina kama sentimita 2 na nusu, na hilo linahangaika. Tone linameza sehemu yake na kutawanya nyingine. Sasa mnajua kwa nini ungo wa televisheni nyumbani hupoteza picha masika inapomwaga. Ungo ule ni wa bendi Ku. Ni mdogo, rahisi kuufunga ukutani kwa sababu wimbi lake ni fupi, na kwa sababu hiyohiyo mvua inaushinda. Huwezi kupata vyote.

Wale wa zamani walichagua upande wa pili. Kituo cha setilaiti cha Longonot, kwenye Bonde la Ufa nchini Kenya, kilifunguliwa mwaka 1970 kuunganisha simu za Afrika Mashariki na dunia. Vituo vya namna hiyo siku zile vilitumia bendi C, kupandisha ishara kwa gigahezi 6 hivi na kushusha kwa 4, na madishi yake yalikuwa na kipenyo cha mita 30 hivi. Mvua haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa umbali. Setilaiti inayoonekana kusimama mahali pamoja juu ya ikweta iko kilomita 36,000 hivi kutoka ardhini. Sauti kwenda juu na kushuka ni kilomita 72,000, karibu robo ya sekunde. Jibu nalo linachukua robo yake. Wazazi wanaikumbuka nusu sekunde ile: unasema "halo", kimya, unasema tena "halo", na hapohapo "halo" ya mama inaingia juu ya yako, kisha wote mnanyamaza kumpisha mwenzako huku kadi inaliwa. Haikuwa ushamba wa mtu kushindwa kupokezana maneno. Ilikuwa urefu wa njia. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari zilipoanza kufika pwani yetu, SEACOM ikitangulia mwezi Julai, njia ilifupika.

Kuna jambo jingine la setilaiti ambalo linanifurahisha kila nikitembea mitaani. Madishi ya Sky kwenye kuta za Uingereza yote yanaelekea kusini-mashariki. Yanatazama setilaiti zilizo longitudo 28.2 mashariki, juu ya ikweta. Fungua atlasi, weka kidole kwenye ikweta, sogea hadi nyuzi 28. Uko mashariki ya Kongo, kwenye nchi ya watu wanaosema Kiswahili. Nyumba kwa nyumba, mtaa mzima unatazama kwao.

Turudi kwenye mvua. Kinachomuudhi mwenye ungo ndicho chakula cha mtabiri wa hali ya hewa. Rada za mvua za hapa Uingereza ni za bendi C, na zinasikiliza mwangwi wa matone yenyewe. Ile ramani yenye rangi inayokuonyesha mvua itafika saa ngapi inatoka huko. Meli nazo hubeba rada ya bendi X, sentimita 3, inayoonyesha hata boya dogo, na meli kubwa huongeza ya bendi S kwa ajili ya siku za mvua kubwa.

Na K? Wakati wa vita walijaribu rada ya sentimita 1.25 wakitumaini kuona vitu kwa undani zaidi. Haikuona mbali. Mvuke wa maji uliomo hewani, hata siku isiyo na wingu, unayameza mawimbi ya karibu na gigahezi 22. Ndipo K ikapasuliwa: sehemu ya chini, Ku, na ya juu, Ka, ndizo zikapata kazi nyingi za setilaiti, na kile kipande cha katikati kikaachiwa shughuli za karibu, kama baadhi ya bunduki za trafiki za kupimia mwendo. Wataalamu nao wakaugeuza udhaifu kuwa kipimo: setilaiti za utafiti husikiliza masafa hayohayo kujua hewa ina mvuke kiasi gani. Juu kabisa, kwenye gigahezi 77, wimbi la milimita 4, ziko rada ndogo zilizofichwa nyuma ya bampa za magari mapya zinazofunga breki wewe ukichelewa.

Swali la wazazi

Sasa lile la saratani. Nadhani sehemu ya hofu inatokana na lugha. Kiswahili kina neno moja, "mionzi", na tunalitumia kwa jua la asubuhi, kwa eksirei ya mguu, na kwa tiba ya saratani pale hospitali. Mtu akisikia mnara wa simu unatoa "mionzi", anamfikiria mgonjwa aliyenyonyoka nywele. Lakini eksirei ina masafa makubwa kuliko maikrowevu kwa mamilioni ya mara. Ina nguvu ya kung'oa elektroni kutoka kwenye chembe za mwili na kuharibu vinasaba. Ndiyo maana wapigaji wa picha husimama nyuma ya kinga. Maikrowevu haina nguvu hiyo, hata iongezwe wingi. Inachoweza ni kutikisa molekuli za maji zikapata joto. Na bendi X haina udugu na eksirei zaidi ya kushiriki herufi.

Joto lenyewe si la kuchezea. Fundi hapandi mbele ya antena kubwa ya rada iliyowashwa, kwa sababu joto hilo linaweza kumuumiza, na jicho ndilo la kwanza kwa kuwa halina damu nyingi ya kulipoza. Madaktari hulitumia kwa makusudi: kuna sindano inayoingizwa kwenye uvimbe wa ini na kuuchoma kwa maikrowevu. Ila mnara ulio mtaani, kwa mtu aliye chini barabarani, nguvu yake ni ndogo mno na iko chini ya viwango vilivyowekwa. Mimi mwenyewe nisingehama nyumba kwa ajili yake.

Na jiko? Tazama mlango wake. Kuna wavu wa chuma wenye vitundu vya milimita moja au mbili. Wimbi la sentimita 12 haliwezi kupenya tundu hilo. Mwanga, ambao ni mfupi mno, unapita, ndiyo maana unakiona chakula. (Kwa sheria hiyohiyo yale madishi makubwa ya zamani yangeweza kutengenezwa kwa wavu: kwa wimbi la C wavu ni ukuta.) Mlango ukiwa umepinda au hautii vizuri, usilitumie jiko hilo.

Hatari ninayoiogopa mimi ni nyingine, na hiyo haizungumzwi kwenye mikutano: maziwa ya mtoto. Jiko halipashi sawasawa. Ndani yake mawimbi yanagongana, mahali pengine yanajumlishana, pengine yanauana. Chupa inaweza kuwa vuguvugu ukiishika na katikati kuna maziwa ya kuunguza. Chupa ya mtoto ipashe kwenye bakuli la maji ya moto, itikise, dondosha tone kwenye kiganja upande wa ndani. Uji wa mtoto ukiupasha kwenye maikrowevu, ukoroge vizuri kisha uuonje wewe kwanza.

Kazi ya nyumbani

1. Fanya na mzazi. Toa sahani inayozunguka na kile kigurudumu chake. Weka baa ya chokoleti bapa kwenye sahani ya kawaida, washa sekunde 20 hivi, simamisha mara tu inapoanza kuyeyuka. Utaona madoa yaliyoyeyuka na mengine bado. Pima kwa rula kutoka katikati ya doa moja hadi katikati ya jirani yake. Hiyo ni nusu ya urefu wa wimbi. Zidisha kwa 2, kisha zidisha kwa masafa yaliyoandikwa nyuma ya jiko (2,450 megahezi). Je, umeipata kasi ya mwanga? Kumbuka kugeuza sentimita kuwa mita. Chokoleti mnaruhusiwa kuila ikipoa.

2. Rada ya meli inatumia gigahezi 9.4. Wimbi lake lina urefu gani?

3. Mwangwi wa rada umerudi baada ya sekunde 0.0002. Ndege iko umbali gani?

4. Andika kwa wingi: wimbi fupi limepita; rada hii imeharibika; mnara mrefu umejengwa; ungo wangu umeanguka.

5. Mpigie simu bibi, babu au shangazi. Mweleze kwa Kiswahili, bila kuchanganya Kiingereza, kwa nini ungo unapoteza picha mvua ikinyesha. Andika sentensi tano za majibizano yenu, pamoja na neno lolote alilotumia ambalo hukulijua. Tutaanza na sentensi hizo Jumamosi ijayo, saa nne kamili.